Dawa ya Kusafishia Bafu ya Kutengeneza Nyumbani Imegoma? Tafuta Tatizo Lako Hapa

Malalamiko kuhusu dawa za bafuni za kutengeneza nyumbani hufanana. Nimechanganya siki na bekingi soda, ikafoka mpaka ikamwagika, uchafu uko pale pale. Nimesugua weusi kwenye vigae ukatoka, wiki mbili baadaye umerudi. Bomba limeng'aa lakini sakafu imefifia. Ukiyachunguza, mengi yana chanzo kimoja: dawa ilipelekwa kwenye uchafu usio wake.

Uchafu sugu wa bafuni si wa aina moja. Kuna chokaa inayoachwa na maji magumu, yaani yenye madini mengi, kila yanapokauka; hii huyeyushwa na asidi, yaani siki, ndimu au unga wa asidi ya sitriki. Kuna utando wa sabuni na mafuta ya mwili. Huu hulainishwa na alkali kama bekingi soda au magadi, pamoja na maji ya moto. Kuna ukungu, ambao ni kiumbe hai na hauishi bila unyevu. Na kuna kutu, ambayo ina tabia zake.

Ukucha wako unatosha kuutambua. Kausha sehemu yenye uchafu, kisha kwangua kidogo. Kikijikunja chini ya ukucha, laini na chenye utelezi, huo ni utando wa sabuni. Kikigoma, au kikivunjika chengachenga, hiyo ni chokaa. Ukiwa na shaka, dondoshea tone la siki uangalie kwa karibu: juu ya chokaa utaona vipovu vidogo vikianza kupanda baada ya sekunde chache. Usifanye jaribio hili juu ya jiwe asilia, terazo wala grauti ya kati ya vigae. Navyo vina chokaa ndani yake, kwa hiyo vipovu utakavyoviona ni sakafu yako inayoliwa.

Kabla ya kuendelea: klorini

Wakati wa hatari zaidi katika kazi hii yote ni pale dawa ya nyumbani inaposhindwa. Mtu amekwisha kupuliza siki, amechoka kusugua, anakwenda kuchukua dawa ya klorini na kuimwaga juu yake. Klorini ya kusafishia ikikutana na asidi yoyote, iwe siki, ndimu au asidi ya sitriki, hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha vitani karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ikikutana na amonia, hata ya mkojo uliokaa chooni, hutoa gesi nyingine zinazochoma mapafu. Bafu ni chumba kidogo, mara nyingi dirisha lake ni dogo, na wewe umeinama karibu na sakafu.

Basi amua mapema. Siku ya siki si siku ya klorini. Kama kuna dawa yoyote ya dukani iliyomwagwa chooni au ukutani, suuza kwa maji mengi na uache mpaka siku nyingine.

Ukisikia harufu kali ya ghafla, macho yakawasha au kifua kikabana, acha kila kitu kilivyo, toka nje kwenye hewa safi na uwatoe wengine. Usirudi kumwaga "cha kupoza". Dawa ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Anayekohoa mfululizo au kupumua kwa shida apelekwe hospitali hata kama anasema ameanza kupata nafuu, kwa sababu madhara ya gesi hii kwenye mapafu yanaweza kuzidi saa kadhaa baadaye.

Mchanganyiko umefoka vizuri, lakini uchafu haujatoka

Sababu ya kwanza, na ndiyo ya wengi: siki na bekingi soda vimechanganywa pamoja. Siki ni asidi, bekingi soda ni alkali, vikikutana vinamalizana. Ule mfoko ni gesi ya kabonidioksidi ikitoka, na kinachobaki kwenye bakuli ni maji yenye chumvi ya asetati ya sodiamu, ambayo hayana tena nguvu ya siki wala ya soda. Povu linapendeza macho, na ndiyo maana maelekezo haya yanasambaa kila kukicha, lakini mtu anayesugua kwa nguvu baada ya hapo anasafisha kwa mkono wake tu. Vitumie kwa zamu. Paka soda, sugua, suuza kabisa; kisha leta siki kwa kile kilichobaki.

Sababu ya pili ni muda. Siki iliyopulizwa kwenye ukuta wima huteremka yote kabla hujaweka chupa chini. Chokaa inahitaji kulowana kwa nusu saa au zaidi. Loweka karatasi za chooni au kitambaa chakavu kwenye siki, bandika pale palipo na ukoko, na uache. Karatasi ikianza kukauka, ongeza siki juu yake.

Tatu, angalia kama siki umeipunguza nguvu. Siki ya mezani huwa na asidi kama asilimia 5 tu tangu mwanzo. Ukiongeza maji nusu kwa nusu, itafaa kwa kufuta kioo kila siku lakini si kwa ukoko wa muda mrefu. Kwa kazi nzito, asidi ya sitriki ni bora zaidi: vijiko 2 vya chakula katika nusu lita ya maji ya moto, koroga mpaka unga uishe, acha ipoe kidogo. Haina harufu ya siki. Ila unga wake ukirukia jicho unachoma sana, kwa hiyo mimina taratibu.

Nne, soma kopo. Bekingi pauda si bekingi soda. Bekingi pauda ina asidi yake ndani pamoja na wanga, na ukiipaka bafuni unapata uji unaonata.

Na jambo ambalo halina mjadala: usifunge mchanganyiko wa siki na soda kwenye chupa yenye kifuniko. Gesi inaendelea kutoka, chupa inavimba, kisha inapasuka.

Ukoko mweupe kwenye bomba, kioo au kichwa cha shawa hautoki

Hakikisha kwanza kwamba juu ya chokaa hakuna utando wa sabuni. Hili husahaulika mno. Utando una mafuta, na mafuta huizuia asidi isifike chini. Unaweza kuloweka siki usiku kucha bila mafanikio. Osha kwanza kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, suuza, ndipo ulete asidi.

Kama bado, ukoko ni mnene. Asidi huyeyusha tabaka la juu kisha nguvu yake inakwisha. Badilisha siki na urudie, badala ya kuongeza nguvu za mkono. Katikati ya mizunguko, kwangua kwa kadi ngumu ya plastiki, si kwa kisu wala waya wa kusugulia masufuria.

Kichwa cha shawa kinachofunguka, kifungue ukizamishe kwenye asidi ya sitriki ya uvuguvugu kwa nusu saa mpaka saa moja, kisha piga brashi kwenye matundu na ufungulie maji kwa nguvu kutoa chenga. Kisichofunguka, kifunge mfuko wa plastiki wenye siki. Usipitilize muda: kromu iliyokaa kwenye asidi usiku mzima inaweza kupoteza mng'aro, na bomba zenye rangi ya dhahabu, shaba au nyeusi zina tabaka jembamba ambalo huharibika upesi zaidi. Hizo zioshe kwa sabuni tu na uzikaushe.

Shawa ya umeme inayopasha maji usiifungue wala kuilowanisha kwa dawa. Kama matundu yake yameziba, mwite fundi umeme. Kwanza zima swichi yake kuu.

Baada ya kazi yote hiyo kioo kikibaki na weupe ambao haupungui hata kidogo, na ukipitisha kidole unahisi ulaini mtupu, basi kioo chenyewe kimelika kwa miaka ya maji magumu. Hapo hakuna kinachoyeyushwa tena. Usiendelee kukiumiza.

Kuta na beseni vinateleza, vina utando wa kijivu, na ukisafisha unarudi

Utando huu ni sabuni ya mche iliyoungana na madini ya maji magumu, ikachanganyika na mafuta ya ngozi. Tengeneza rojo: sehemu 3 za bekingi soda kwa sehemu 1 ya maji, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Lowesha ukuta kwa maji ya moto, paka rojo, acha dakika 10 hadi 15, sugua kwa dodoki au sponji kwa mizunguko midogo. Utaona maji yakigeuka ya kijivu. Hiyo ndiyo dalili kwamba unashinda. Suuza mpaka weupe wa soda uishe.

Likishindikana, tumia dawa kali zaidi: kijiko kikubwa 1 cha magadi katika lita 1 ya maji ya moto. Magadi ni makali kuliko bekingi soda, yanakausha na kuchubua ngozi, kwa hiyo vaa glavu, na yasiguse kitu cha alumini kwa sababu huila. Kuitwa "dawa isiyo na sumu" hakumaanishi kwamba unaweza kuishika kwa mikono mitupu.

Kama umetia siki na sabuni ya maji ya asili kwenye chupa moja, ukaona vimeganda na kuelea mabonge meupe yenye mafuta, mimina. Siki imeivunja sabuni na kuirudisha kuwa mafuta, na ukiipaka ukutani unapaka utando mpya. Hili ndilo jibu kwa wengi wanaosema "nikisafisha ndiyo inazidi."

Sababu ya mwisho iko kwenye maji yenyewe. Maji yakiwa magumu sana, utando utarudi hata ufanye nini, isipokuwa ukutani pasibaki maji. Pitisha mpira wa kufutia vioo baada ya kila anayeoga. Kazi ya nusu dakika. Kuacha sabuni ya mche na kutumia sabuni ya maji ya kuogea nako hupunguza sana.

Weusi kwenye grauti na pembeni mwa beseni unarudi kila mara

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chanzo cha kwanza ni unyevu, na hakuna dawa ya nyumbani wala ya dukani inayoshindana nao. Ukungu uliofutwa leo unaota upya pale pale kama chumba kinabaki na mvuke mpaka asubuhi. Kabla ya kuchanganya chochote, angalia: dirisha linafunguliwa baada ya kuoga? Feni ya kutoa hewa inavuta kweli? Bandika kipande cha karatasi ya chooni kwenye matundu yake. Kikidondoka, haivuti, na mara nyingi ni vumbi tu lililoziba. Pazia la bafu linaachwa limekunjwa likiwa bichi? Taulo zinaanikwa humo humo? Wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, hushauri unyevu wa hewa ndani ya nyumba uwe chini ya asilimia 60, na ikiwezekana kati ya 30 na 50. Kipimo kidogo cha unyevu kitakuonyesha, lakini hata bila kipimo, kioo kinachobaki na ukungu wa mvuke saa nzima baada ya kuoga kimekwisha kukujibu.

Chanzo cha pili ni kusugua kabla ya kuua. Ukungu mkavu ukisuguliwa hurusha mbegu zake hewani, nawe unazivuta. Vaa barakoa na glavu, fungua dirisha, puliza haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 bila kuichanganya na maji, acha dakika 10, kisha sugua kwa mswaki wa zamani na ufute kwa kitambaa utakachokitupa. Rudia siku inayofuata. Peroksaidi huoza ikipigwa na mwanga, ndiyo maana huuzwa kwenye chupa ya kahawia. Ukiihamishia kwenye chupa angavu, baada ya muda unapuliza maji. Inaweza pia kupausha vitambaa na grauti yenye rangi, kwa hiyo jaribu kwanza pembeni. Na usiitie kwenye chupa moja na siki: hutengeneza asidi ya perasetiki, inayochoma macho, ngozi na koo.

Siki tupu nayo hutumika kwa ukungu, lakini kwenye grauti ya saruji sipendi itumiwe mara kwa mara. Asidi hula saruji kidogo kidogo, grauti inakuwa na vinyweleo, na vinyweleo vikishika maji ukungu unapata makao mapya.

Chanzo cha tatu: weusi uko ndani ya silikoni (ule mpira unaoziba maungio pembeni mwa beseni), si juu yake. Futa kwa nguvu kwa kitambaa chenye peroksaidi. Doa lisipopungua hata kidogo, limeshaingia chini. Hapo dawa ni kukata silikoni yote ya zamani, kuacha pengo likauke kabisa, na kuweka mpya yenye kinga ya ukungu.

Cha nne, kisicho cha kawaida sana lakini kizito: maji yanavuja nyuma ya ukuta. Dalili zake ni rangi inayobanduka upande wa pili wa ukuta, kigae kinachotoa sauti ya utupu ukikigonga, au harufu ya uvundo isiyoisha hata bafu likiwa safi. Acha kusugua, mwite fundi bomba. Vivyo hivyo ukungu ukiwa umeenea zaidi ya takriban mita 1 ya mraba, kiwango ambacho EPA hukitumia kutenganisha kazi ya kujifanyia na kazi ya wataalamu. Na kama nyumbani kuna mwenye pumu au mwenye kinga dhaifu ya mwili, asiwepo wakati wa kazi hii, sembuse kuifanya yeye.

Utelezi wa pinki kwenye tundu la maji au chini ya chupa za sabuni

Si ukungu, ni bakteria. Anayejulikana zaidi ni Serratia marcescens. Hula mabaki ya sabuni na mafuta ya mwili. Sugua kwa rojo la bekingi soda na sabuni, suuza, puliza peroksaidi, acha dakika 10, kausha. Chupa zilale juu ya kitu kinachopitisha hewa. Usisafishie hapo lenzi za macho wala mswaki.

Mstari wa kahawia ndani ya choo

Anza na tangi. Tia rangi ya chakula kwenye maji ya tangi, usivute kwa nusu saa, kisha tazama ndani ya bakuli. Rangi ikionekana, tangi linavuja, na ule uzi mwembamba wa maji usiokoma ndio unaochora mstari. Badilisha mpira wa ndani ya tangi kwanza, vinginevyo utasafisha milele.

Kama tangi ni zima, mstari ni chokaa iliyoshika rangi, au magamba ya mkojo. Sukuma maji ya bakuli yashuke kwa brashi, kwa sababu asidi ukiimwaga kwenye maji mengi inapoteza makali. Nyunyiza vijiko 5 au 6 vya asidi ya sitriki, au bandika karatasi zilizolowa siki juu ya mstari na chini ya ukingo, ulale. Asubuhi sugua. Usimwage maji yanayochemka: bakuli baridi linaweza kupasuka.

Kutu ina rangi ya chungwa na huwa inaanzia pale maji yanapotokea. Nayo hujibu asidi ya sitriki. Usiiguse kwa klorini, kwani huikoleza na kuifanya ing'ang'anie.

Sakafu au kigae kimefifia baada ya kusafisha

Inawezekana ni mabaki tu ya soda. Futa kwa maji safi ya uvuguvugu mara mbili, kausha, tazama tena. Mwangaza ukirudi, ilikuwa hivyo. Usiporudi, na sakafu ni marumaru asilia, terazo au jiwe lolote la chokaa, asidi imekula uso wake. Hili halirudishwi kwa dawa yoyote ya jikoni. Linahitaji fundi wa kung'arisha mawe mwenye mashine. Kwenye sakafu za namna hiyo tumia sabuni isiyo na asidi wala magadi, basi.

Maji yanasimama bafuni hata baada ya soda na siki

Nywele haziyeyuki kwa soda wala siki. Inua kichujio, ingiza waya uliokunjwa ncha, vuta. Halafu mimina maji ya moto yasiyochemka, maana mabomba ya plastiki hulegea kwa maji yanayochemka. Yakiendelea kusimama, tumia mpira wa kuzibulia.

Hata hivyo, kama mtu ameshamwaga dawa kali ya kuzibulia, usiongeze siki na usitumie mpira. Dawa itakurukia usoni. Mwambie fundi ni nini kilimwagwa, kabla hajainama. Na bafu, choo na sinki vikijaa kwa pamoja, kuziba kuko kwenye bomba kuu. Hiyo ni kazi ya fundi tangu mwanzo.

Dawa imeharibika chupani

Maji ya ndimu yenye nyama ndani huchacha baada ya siku chache. Yachuje na utumie siku hiyo hiyo. Sabuni iliyotiwa maji mengi nayo huota bakteria, hasa ikikaa bafuni kwenye joto. Siki na myeyusho wa asidi ya sitriki hudumu zaidi. Tengeneza kidogo, usitumie chupa iliyokuwa na dawa ya dukani, wala chupa ya maji ya kunywa au soda, hasa penye watoto. Mafuta ya mti wa chai ambayo wengi huongeza kwa harufu ni sumu kwa paka. Kama unafuga, yaache.

Dawa hizi zinaondoa uchafu. Haziui vijidudu vyote. Nyumbani kukiwa na mgonjwa anayeharisha au kutapika, safisha kwanza kwa sabuni, suuza, kisha tumia dawa halisi ya kuua vijidudu kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye chupa yake, dirisha likiwa wazi na siki ikiwa imewekwa mbali.